Ottilia na Ukumbi wa Mpepai

Ottilia alitunza sakristia, chumba cha mavazi na vyombo vya ibada, katika kigango kimoja, kanisa dogo la kijiji, huko Mpepai kwa miaka ishirini na sita. Kanisa lilipojengwa alikuwa msichana. Alibeba matofali kichwani kutoka tanuru la bondeni, na baba yake ndiye aliyepiga lipu.

Kanisa jipya lilipokamilika kando ya barabara, altare ikahamishwa na jengo la zamani likakabidhiwa kijiji liwe ukumbi. Ottilia alingoja aitwe apewe ufunguo. Mwenyekiti wa kijiji akampa Tadea, aliyeolewa pale miaka mitatu tu iliyopita, kwa sababu alisoma hadi kidato cha nne na angeweza kuandika ratiba ya mikutano.

Tangu hapo Ottilia alikwepa kupita mbele ya ukumbi, akawa anazungukia kwenye mibuni. Lakini maneno yalimfikia: ukumbi wa Tadea unang'aa, ukumbi wa Tadea una mapazia.

"Ukumbi wa Tadea!" alimwambia mumewe, Wendelin. "Amebeba tofali gani yeye?"

Wendelin aliendelea kupukuchua mahindi.

Mvua zilipoanza, Tadea alikuja mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Maji yanaingia kwa mlango wa nyuma. Wanasema wewe unajua yanakotoka."

Alijua. Nyuma ya sakristia kulikuwa na mfereji uliozibwa na udongo kila mwaka, na kila mwaka alikuwa akiuzibua yeye.

"Sijui," alisema. "Kamuulize aliyekupa ufunguo."

Jumamosi mpwa wa Ottilia, Jacqueline, aliolewa, naye hakuweza kukosa sherehe. Watu wakiwa wanakula ukumbini, mvua ikashuka, maji yakatambaa sakafuni. Tadea alivua viatu, akapiga magoti na gauni lake jipya, akawa anakamulia matambara kwenye ndoo. Ottilia alimtazama, na moyoni akasikia raha. Kisha akaona lipu ya baba yake chini ya dirisha, imevimba, inabanduka.

Alitoka mvuani, akaazima jembe kwa jirani, akaanza kuuzibua ule mfereji. Tadea akamfuata.

"Kumbe ulijua, mama."

"Nilijua. Nilikuonea wivu. Hata sasa nakuonea."

Tadea aliinama, akaanza kuchota udongo kwa mikono, mpaka maji yakapata njia.

Kamati ya ukumbi ilipochaguliwa, Tadea ndiye aliyetaja jina la Ottilia. Alikubali kuingia. Vikaoni huketi mbali na Tadea, na wivu haujamtoka wote.