Vidonge vya Damari

Mwaka 1959 hospitali moja ya misheni, kwenye milima ya Mbeya, ilipokea dawa mpya ya watu waliolemewa na huzuni. Daktari alimkabidhi nesi Tusajigwe kazi ya kuwahudumia wagonjwa hao. Wa kwanza alikuwa Damari, mkulima wa pareto. Tangu azike kitinda mimba wake, Damari hakulima wala hakupika, na majirani walishasema karogwa.

Kwanza walimlaza wodini wakawa wanamchoma dawa hiyo kwa sindano. Akageukia ukuta, akagoma kula, akawalilia watoto aliowaacha nyumbani. Siku ya tisa mumewe, Yotamu, alikuja kumchukua. Daktari akampa chupa ya vidonge vya dawa hiyohiyo, vya kutosha mwezi mzima.

Wiki mbili baadaye Tusajigwe alipanda mlima kuwatazama. Chupa aliikuta darini, karibu imejaa.

"Nilimpa siku tatu, Nesi, sikuona kitu," Yotamu alisema. "Dawa ya kichwa mbona inapoza siku ileile?"

Tusajigwe hakumkaripia. Kosa lilikuwa la hospitali: hakuna aliyemwambia kwamba dawa hii hukawia majuma kadhaa kabla ya kufanya kazi. Akaketi jikoni, akamweleza mpaka akaelewa. Kisha akauliza, "Nani anaingia humu kila asubuhi?"

"Dada yangu Sekela. Anamletea uji."

Basi akaichukua chupa, akamwachia Sekela vidonge saba, kila uji na kidonge chake, akaahidi kuleta vingine kila Jumamosi.

Daktari aliposikia, alikuja juu kwa hasira. "Dawa ya hospitali umempa mtu asiyejua kusoma?"

"Kusoma hajui, Daktari. Lakini kila asubuhi yupo pale. Mimi na wewe hatupo."

Daktari akamwambia aendelee.

Jumamosi zote Tusajigwe alipanda, hata mvua ilipogeuza njia kuwa utelezi, viatu mkononi. Jumamosi ya tano alimkuta Damari nje, kashika jembe.

"Pareto imemezwa na magugu," Damari alisema, "na huyu Yotamu anapita tu!"

Sekela alicheka mpaka uji ukamwagika.

Kabla mwaka haujaisha, wagonjwa sita walikuwa wakipata vidonge vyao kwa njia hiyo, kila mmoja kupitia mtu wake. Wanne walisimama tena. Wawili dawa haikuwafaa, ikasimamishwa. Hao nao Tusajigwe hakuacha kuwapandia mlima, ingawa hakuwa na cha kuwapelekea ila mazungumzo.