Mfalme Niliyemtetea Mbele ya Babu

Sufi iliyolowa ikikaushwa juu ya hita ina harufu yake, na mpaka leo nikiisikia kwenye lifti ya jengo letu, watoto wanaporudi shule mwezi wa Januari, narudi kuwa na miaka kumi na mmoja. Glovu zangu nyekundu zimelala juu ya chuma cha moto chini ya dirisha, zinatoa mvuke. Jikoni mama anatwanga iliki ya chai. Tulikuwa tumefika Toronto kutoka Tanga katikati ya miaka ya sabini, watu watano katika nyumba ya vyumba viwili, mtaa wa Thorncliffe Park, ghorofa ya kumi na moja: baba, mama, mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya, mimi, na Babu, baba yake mama. Dirisha letu lilitazama bonde la mto, na bonde lilikuwa jeupe kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Babu alikaa hapo kila asubuhi baada ya swala, koti zito juu ya kanzu, tasbihi mkononi. Alisema theluji ni kazi nzuri ya Mola, ila yeye angeipenda zaidi kwenye kalenda.

Tanga, Babu alikuwa karani wa bandari mchana, na baada ya alasiri alifundisha chuo cha Kurani kwenye baraza ya nyumba yetu. Hapa hakuwa na bandari wala wanafunzi, isipokuwa mimi. Kila Ijumaa nilikaa naye mkekani akanisomesha habari za Mtume na watu wa nyumba yake, na hakunisomesha habari hata moja bila kunitaka kwanza nitaje walioipokea. Nani kasema? Kasikia kwa nani? Naye alikuwepo, akaona kwa macho yake? Kama mtu mmoja katikati ya mlolongo huo alijulikana kwa uongo, hata uongo mdogo, habari yote iliwekwa kando, iwe tamu kiasi gani. Hii ndiyo elimu aliyoipenda kuliko zote. Alinipa daftari lenye jalada la buluu, akaniambia niandike humo majina ya watu ambao naweza kupokea habari kutoka kwao bila kuuliza zaidi. Ukurasa wa kwanza nikaandika juu, "Waaminifu," na chini yake, kwa herufi kubwa, "1. Babu." Alilitazama muda mrefu, akasema, "Umeharakisha, mchumba." Lakini alikuwa amefurahi, nilimwona.

Aliniita mchumba kama mababu wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kike, na mimi nilimjibu kwamba sitaolewa na mzee asiye na meno ya mbele.

Jina la pili kwenye daftari lilikuwa la mwalimu wangu wa darasa, Bi Ellwood. Nilipofika shuleni sikuwa na Kiingereza cha kutosha hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Wiki za kwanza nilinyamaza tu, na wenzangu wakazoea kunipita kama wanavyopita meza. Bi Ellwood alikuwa mwanamke mrefu mwenye nywele za kijivu, sweta lake limejaa vumbi la chaki. Alianza kubaki nami darasani saa ya chakula. Tulisoma pamoja, yeye na mkate wake wa jibini, mimi na chapati yangu. Nikikosea hakucheka. Akisema kesho tutasoma ukurasa fulani, kesho tuliusoma. Akisema hajui, alisema hajui. Nilimchunguza kwa miezi mitatu kama Babu alivyonifundisha kumchunguza mpokezi, sikumkuta na uongo hata wa kitu kidogo. Nikamwandika: "2. Bi Ellwood."

Baada ya likizo ya Desemba tulianza kusoma enzi za kati za Ulaya, wafalme na ngome na Vita vya Msalaba. Kila mwanafunzi alipewa mfalme mmoja wa kumchora, kumwandikia habari, kisha kumweleza mbele ya wazazi siku ya maonyesho mwezi wa Machi. Mimi nilipewa mfalme wa Waingereza waliyemwita Moyo wa Simba. Nilimpenda upesi, na sababu ilikuwa ya kitoto. Kitabu kilisema mfalme huyu alitawala Uingereza miaka kumi lakini aliishi humo miezi tu, na kwamba alizungumza lugha ya Wafaransa. Nikajiona niko na mwenzangu. Naye alikuwa mbali na kwao, naye alikuwa na watu asiozungumza lugha yao, na bado wakamwita simba. Nilimchora juu ya karatasi kubwa, ndevu nyekundu, kofia ya chuma, farasi mweupe, nikaibandika ukutani karibu na hita.

Babu akaivalia miwani. "Kwa hiyo umeniacha mimi kwa huyu mwenye sufuria kichwani?"

"Huyu ana meno, Babu."

"Haya. Hebu nieleze habari zake. Na nani kakuambia?"

Nilimsomea yote niliyoandika: ushujaa wake, ukarimu wake, jinsi alivyoheshimiana na Sultani wa Waislamu aliyepigana naye. Babu alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia, bila kupandisha sauti, kwamba mfalme huyo alipouteka mji wa Akka alikuwa na mateka Waislamu kwa maelfu, watu waliosalimu amri kwa ahadi ya kuachiwa. Mazungumzo ya kuwakomboa yalipochelewa, aliwatoa nje ya mji wamefungwa kamba, akawaua, na jeshi la Sultani linaona kutoka vilimani. "Aliyetupa habari hii alikuwa kadhi wa jeshi," akasema. "Alikuwepo kambini." Nilimuuliza kama Sultani naye aliwahi kufanya hivyo. Babu akasema Sultani alikuwa muungwana. Akaomba chai.

Usiku ule nililala nikiwa na watu wawili waaminifu na mfalme mmoja, na wote watatu hawakuweza kukaa pamoja. Asubuhi nilimfuata Bi Ellwood kabla wenzangu hawajaingia, nikamuuliza kama ni kweli. Nakumbuka aliweka chini kikombe chake cha kahawa na kunishika bega. "Hapana, Batuli," akasema. "Hizo ni hadithi za maadui zake. Wakati wa vita watu husema mambo mengi. Babu yako amekosea tu, mpenzi."

Nilikubali. Msomaji atashangaa kwa nini, nami nimejiuliza mara nyingi. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa mwanafunzi mzuri mno wa Babu. Alinifundisha kwamba mpokezi akishathibiti uaminifu, habari yake hupokewa. Bi Ellwood alikuwa amethibiti. Kadhi wa jeshi sikumjua, na kwa vyovyote alikuwa wa upande mmoja wa vita. Nilitumia elimu ya mzee wangu kumwangusha mzee wangu, na nilijiona mwanachuoni.

Siku ya maonyesho theluji ilikuwa imeanza kuwa matope. Baba alikuwa kazini kiwandani, mama alikuwa na mtoto mwenye homa. Babu akaja peke yake kwa miguu, kofia ya vito, ile ya kudarizi, kichwani, viatu vya mpira vya baba, kanzu imelowa hadi magotini. Wazazi wengine walimpisha njia. Alikaa mstari wa mbele kwenye kiti cha watoto. Zamu yangu ilipofika nilisimama kando ya picha yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii nilisema kwa Kiingereza mbele ya watu bila kukwama. Nilipofika mwisho nikaongeza sentensi ambayo haikuwa kwenye karatasi. Nilisema wapo watu wanaosimulia kwamba mfalme huyu aliua mateka, lakini huo ni uongo wa maadui zake, na wanaousimulia hawajui historia.

Babu alijua Kiingereza. Alifanya kazi bandarini chini ya Waingereza miaka ishirini. Watu walipopiga makofi naye alipiga, na alikuwa wa mwisho kuacha. Njiani alinishika mkono tusiteleze. Ijumaa iliyofuata alinisomesha kama kawaida, ila hakuniita mchumba, na hakuniita hivyo majira yote ya kuchipua.

Mwezi wa Juni, siku za mwisho za mwaka wa shule, Bi Ellwood aliniomba nimsaidie kupakia vitabu vyake kwenye maboksi. Kimoja kilikuwa kinene, cha jalada la kijani, historia ya vita vile, kitabu cha watu wazima. Kilifunguka chenyewe mahali palipofunguliwa mara nyingi. Ilikuwa habari ya mateka wa Akka. Kitabu kilisema jambo hili halina shaka, kwamba waandishi wa upande wa mfalme waliliandika kwa kujisifu, na kwamba mfalme mwenyewe alilitaja katika barua aliyompelekea mkuu wa watawa. Maneno hayo ya barua yalikuwa yamepigiwa mstari kwa penseli. Pembeni, kwa mwandiko ule ule mzuri ulionifundisha kuandika, palikuwa na maneno mawili: si darasani.

Nilimwonyesha. Hakukana, na kwa hilo namsifu. Alikaa juu ya meza ya mwanafunzi. "Batuli, ulikuwa hujafungua mdomo tangu Septemba," akasema. "Ndipo ukampata huyu, ukaanza kuzungumza. Ningekunyang'anya?" Nilimaliza kupakia vitabu, nikaenda nyumbani, nikafuta jina lake kwa kalamu ya wino hadi karatasi ikachanika. Kisha nikaenda kupiga magoti mbele ya kiti cha Babu, nikamweleza kila kitu, nikaomba radhi.

Aliweka kiganja kichwani pangu. "Mfalme kaandika mwenyewe?" akauliza. "Kwa mkono wake? Basi mpokezi gani tena unamtaka, mchumba." Tulicheka, mimi huku nalia. Nikamuuliza tena, kwa sababu sasa nilijua maana ya kuuliza: "Na Sultani, Babu? Yeye kweli hakuua mateka?"

"Sultani alikuwa muungwana," akasema, na macho yake yakaenda dirishani.

Babu alifariki Toronto, na kaburi lake liko kaskazini ya jiji. Vitabu vyake vilinijia mimi, kwa sababu katika nyumba yetu ni mimi niliyeendelea na Kiarabu na kufundisha wanawake na watoto Jumamosi katika ukumbi wetu. Nilikuwa na zaidi ya miaka thelathini nilipokifungua kimoja, historia ya Sultani, na ndani yake nikakuta uzi mweusi, kama ule wa tasbihi yake, umelazwa kati ya kurasa mbili. Ukurasa ule ulieleza jinsi Sultani, miaka michache kabla ya Akka, baada ya ushindi wake mkubwa, alivyoamuru mashujaa wa kanisa, watawa wapiganaji waliotekwa, wachinjwe, na jinsi watu wa dini waliokuwa kambini walivyoomba wapewe panga wafanye kazi hiyo wenyewe. Anayesimulia ni katibu wa Sultani. Alikuwepo. Aliona.

Sultani yule hakuwa hata wa madhehebu yetu ya Shia. Ndiye aliyeuzima utawala wa Mashia wa Misri, na Babu angekuwa na kila sababu ya kutomtetea. Najua alifanya hivyo kwa nini. Alikuwa na mwanafunzi mmoja katika nchi ya theluji, na akataka awe na mtu wa upande wake. Ndiyo sababu ile ile ya Bi Ellwood, ukiivua koti lake. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa wote wawili, na katika dua zangu nawataja wote wawili, kila mmoja kwa imani yake. Lakini aliyenipa swali ndiye aliyenificha jibu, mara mbili, nami nimepiga magoti mbele yake. Siku ile nilichukua daftari la buluu na kalamu ya wino, nikakaa nalo hadi adhuhuri. Sikuweza kumfuta. Sikuweza kumwacha pia. Nikalifunga.

Siku hizi shuleni wanafundisha vingine. Mjukuu wangu Zahra, ambaye ana umri niliokuwa nao, alirudi mwezi uliopita na karatasi mbili za shule, habari moja ya Akka imesimuliwa na mtu wa mfalme na mtu wa Sultani, na maswali chini: nani anasema, alikuwa wapi, alitaka nini. Nilisoma maswali yale nikatamani Babu ayaone. Wanahistoria wenyewe, nilimweleza Zahra, hawajapatana. Wengine wanasema mfalme alikuwa katili, wengine kwamba Sultani alichelewesha makusudi, wengine kwamba jeshi lilitaka kuondoka na halikuweza kuburuta mateka njiani. Zahra anaelewa Kiswahili changu chote na hunijibu kwa Kiingereza. Akaniambia ameshaamua: yuko na Sultani, kwa sababu yeye hakufanya hivyo.

Niliona wazi kabisa jinsi ambavyo ningeweza kuomba chai, kama Babu.

Nikamletea kitabu cha Babu, nikafungua penye uzi, nikamfasiria ukurasa wote, pamoja na wale watu wa dini. Alisikiliza mikono yake ikiwa juu ya mapaja. "Kwa nini unaniambia?" akauliza. "Wenzangu darasani wote wana mtu wao. Nani sasa wangu?" Alinitazama kama nilivyomtazama Bi Ellwood juu ya maboksi. Mimi nilimtazama hivyo mtu aliyenificha ukweli. Nami nimetazamwa hivyo kwa kuusema. Nikalileta mezani daftari la buluu, nikamsimulia habari zake, na karatasi iliyochanika, na jina la Babu ambalo halijafutwa.

Siku tatu hakuja kukaa nami. Jana baada ya alasiri alikuja, akavua glovu, akaziweka juu ya hita, akalichukua daftari mezani pamoja na kalamu yangu. Nilikuwa na tasbihi, nikaendelea nayo. Nikasikia ukurasa wa kwanza unafunguliwa, kisha kalamu juu ya karatasi. Kama anaandika au anafuta, sikumuuliza.