Kibuyu Kilichonuka Sabuni

Wazo la kuvua vibuyu mapambo yake lilikuwa langu. Nalisema mapema kwa sababu watu wa kamati ni wapole na wao hawatalisema.

Nilikuwa nimemaliza shahada ya takwimu Chuo Kikuu cha Kabianga, sina kazi, na tulikuwa tukiishi mama na mimi katika nyumba ya kupanga nje kidogo ya Kapkatet. Mama anauza omena na samaki wa kukaanga sokoni. Wazazi wangu walitoka upande wa ziwani kuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha majani chai. Baba akafariki, sisi tukabaki. Mwenye nyumba wetu ni mama mzee Mkipsigis ambaye wote pale uani tunamwita kogo, yaani nyanya. Tangu nikiwa mtoto nimekuwa nikimchosha kwa maswali. Kwa nini maziwa yake yana rangi ya majivu? Kwa nini kibuyu kinachomwa ndani kwa kijiti chenye moto? Kwa nini hakioshwi kwa sabuni? La mwisho alilijibu kwa ufupi: "Ukiweka sabuni umeua hiyo kibuyu."

Mwaka huo kamati ya wenyeji iliandaa siku ya utamaduni katika uwanja wa shule. Kungekuwa na nyimbo, ngoma, na kushindanisha mursik, yale maziwa lala yanayokomaa ndani ya kibuyu kilichopakwa mkaa. Mwenyekiti wa kamati aliniita akaniambia, "Wewe umesoma hesabu. Panga tu hii ya maziwa, akina mama wasigombane."

Mtu mwingine angepanga meza. Mimi nilikaa siku tatu nikifikiri. Kila kibuyu kina ukanda wa ngozi na shanga, na kila mwamuzi angejua shanga za shangazi yake. Basi nikaamua kanda zote zivuliwe na kuwekwa kwenye gunia, kila kibuyu kibandikwe karatasi yenye namba, na majina yabaki kwenye daftari langu. Nikahofia daftari kupotea, nikapiga picha za kurasa zake kwa simu. Vibuyu vyenyewe sikuvipiga picha. Namba zilikuwa zimeandikwa, picha ya nini tena?

Kogo hakutaka kushiriki. Kibuyu chake alipewa na mama yake siku alipoolewa, na hakijawahi kulala nje ya jikoni mwake. Nilikaa naye mchana mzima nikimweleza kwamba bila yeye mashindano hayatakuwa ya haki. Mwishowe akaniuliza, "Utanirudishia wewe mwenyewe?"

"Nitakurudishia mkononi mwako, kogo."

Mvua ya mawe ilitukuta kundi la pili la ngoma likiwa katikati ya uwanja. Wingu tulikuwa tumeliona, lakini huku wingu la alasiri si habari. Kisha hema likainuka kama shuka kwenye kamba, nguzo zikalala, na mawe yakaanza kupiga mabati ya shule kwa kelele iliyozima hata kipaza sauti. Nilisimama mezani nikitazama karatasi zangu zikiteleza kutoka kwenye vibuyu, moja baada ya nyingine, wino ukitiririka. Nilikuwa bado nafikiria nianze na kipi. Watu hawakufikiri. Kila aliyepita mbio alinyakua kibuyu kilicho karibu, akakikumbatia na kukimbia nacho. Dakika chache baadaye meza ilikuwa tupu. Vibuyu ishirini na sita vilikuwa vimeokolewa na watu nisiowajua, vikaenda nisikokujua.

Milango ya nyumba zote za karibu ilikuwa wazi. Nilisukumwa ndani ya jiko moja pamoja na wacheza ngoma sita waliovaa ngozi zilizolowa, na mama wa pale, bila kuuliza mtu jina, akagawa sweta za watoto wake na chai. Mwenyekiti alipewa sweta ya waridi yenye maua kifuani. "Imekutosha kuliko mwenyewe," mama wa nyumba akamwambia, na wacheza ngoma wakacheka mpaka wakasahau baridi. Mimi nilikuwa nahesabu nyumba kupitia dirishani.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa anatabasamu. Naye alikuwa uwanjani na beseni lake la samaki, naye alikimbia na kibuyu. Kilikuwa mezani, juu ya gazeti, kinang'aa.

"Kizibo kilikuwa kimetoka, kibuyu kimejaa maji na mawe," alisema. "Nikaona nisimrudishie mtu uchafu. Ungeona vile kilikuwa cheusi ndani! Nimesugua na Omo mpaka mkono ukauma."

Nilikiinua, nikanusa. Sikuwa na uwezo wa kujua ni cha nani. Bila shanga, kwangu mimi vyote vilikuwa ndugu. Mtu mwenye akili angevuka ua na kumwonyesha kogo. Mimi nilikaa kitandani nikajiambia kwamba uwezekano wa hiki kuwa chake ni mmoja kati ya ishirini na sita, na kwamba huo ni uwezekano mdogo sana. Kogo aliponiuliza kupitia dirishani, nilimjibu kwamba vibuyu vinatafutwa.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Makanisani kulitangazwa kwamba yeyote mwenye kibuyu kisicho chake akipeleke Jumatatu kwenye kituo cha kununulia majani chai, na kwamba ngoma zitamaliziwa hapohapo. Nilishangaa. Jumatatu kile kibanda huwa kimejaa wakulima na magunia yao wakingoja mizani.

"Leo hakuna majani?" nilimuuliza mwenyekiti nilipofika.

Alininyooshea kidole mashambani. Michai iliyokuwa kijani juma lililopita ilikuwa imechanika, imebaki vijiti vyenye matambara. "Kibanda ni chetu mpaka ichipue," akasema, kisha akaenda kuwapanga waimbaji. Bado alikuwa amevaa ile sweta ya waridi.

Mama na mimi tulikaa nyuma, kikapu miguuni mwangu, kibuyu kikiwa ndani ya kitenge. Watu waliingia mmoja mmoja na vibuyu vyao vya kuokota. Niliandaa daftari langu, lakini hakuna aliyelihitaji. Mwanamke alifungua kizibo, akanusa, akajua.

"Hii ni ya yule wa kule juu. Bado anatumia mkaa mingi kama mtu anapaka nyumba rangi!"

"Afadhali mimi. Yako inanuka moshi ya kuni ya shule!"

Niliinuka kidogo kuuliza wananusa nini hasa. Mmoja akanifafanulia: wengi huchoma tawi la senetwet, wengine mti mwingine, na hata wa senetwet, kila mkono una moto wake. Nikaandika. Huku nikiandika, nilikuwa nahesabu. Vilipobaki kumi havijapata wenyewe, uwezekano wangu ulikuwa mmoja kati ya kumi. Vikabaki vinne. Kogo alikuwa ameketi kwenye benchi la mbele, macho yake yenye ukungu yakielekea mlangoni, mkononi ameshika sosiot, kile kijiti chenye kichwa kama brashi cha kusugulia kibuyu. Kila kibuyu kilichoingia kililetwa puani mwake, naye alitikisa kichwa. Vikabaki viwili. Mwanamke mmoja akachukua cha kwake, akaimba, akakaa.

Mama alinitazama. "Si useme," akaninong'oneza.

Nilifungua kitenge, nikaenda mbele na kukiweka mkononi mwa kogo, kama nilivyoahidi. Hakukinusa kwanza. Aliingiza ile sosiot. Shingo ya kibuyu ilikuwa na kikombo, na kijiti, kilichochakaa kwa miaka yote hiyo, kikafuata kikombo hicho bila kukwama mpaka chini. Ndipo akainamisha pua.

"Inanuka kama shati," akasema.

Mama alikuwa tayari amesimama nyuma yangu. "Ni mimi, kogo. Nilikiosha. Sikujua."

Nilitaka kusema kwamba mimi nilijua, kwamba nilikaa nacho siku mbili uani kwake. Nikasema. Kogo hakunigeukia, alimuuliza mama, "Ulitumia maji moto?"

"Baridi."

"Na ulikimbia nayo kwenye ile mawe?"

"Nilikimbia nayo. Samaki niliwaacha."

"Aliacha samaki," kogo akawaambia wenzake kwa Kipsigis, neno nililolielewa, na kicheko kikaanzia benchi la mbele kikafika mlangoni. Kisha akaniambia mimi, kwa Kiswahili, ili nisikose kuelewa: "Na wewe, siku nyingine uliza. Si kuuliza ndio kazi yako?"

Kuhusu mashindano, nilikuwa na utaratibu mpya wa kuonja. Sikupata wa kuusikiliza. Maziwa yote yaliyopona yalimiminwa kwenye sufuria moja kubwa yakanywewa na kila mtu, na wale sita wenye ngozi wakacheza mpaka vumbi la majani makavu likapanda kutoka sakafuni.

Juma lililofuata kogo alimwita mama jikoni kwake. Nilikaa mlangoni. Kibuyu kilikuwa kimeanikwa siku kadhaa. Kogo alichoma tawi, akaliingiza likiwa na kaa jekundu, akamkabidhi mama asugue. Mama alikohoa, akasugua, akakohoa. "Usiogope nyeusi," kogo alimwambia. "Nyeusi ndio tunatafuta." Nilikuwa na maswali kama tisa. Nikauliza mawili tu, kwa sababu mama alikuwa anauliza mengine: anajuaje imetosha, na mkaa haumezwi?

Walirudia hivyo mara tatu kabla ya kutia maziwa. Yalipokomaa, michai nyuma ya nyumba ilikuwa imeanza kutoa vichipukizi vidogo. Kogo alimimina vikombe vitatu. Mama, aliyeishi miaka yote hii hapa bila kuonja mursik, alifumba macho akanywa.

"Ikoje?" kogo akauliza.

Mama alifikiri. "Naskia sabuni kidogo, kwa mbali."

"Hata mimi," kogo akasema, akamjazia tena.