Mbavu za Mbuzi Nilizokula Kabla ya Posa

Mwaka 1974, nikiwa na miaka tisa, baba alifariki, nikaacha shule nikalima viazi vya watu.

Juzi nilishuka Lushoto kutoka kijijini kwetu Lukozi kumposea mwanangu. Wazazi wa binti, nisiowajua kwa sura, walitaka tuonane kwenye mgahawa mpya wa nyama choma. Mhudumu akapita na sinia la mbavu za mbuzi. Kwa adabu akalitua mezani kwangu, ili aniamkie kwa mikono miwili. Mara akaitwa jikoni. Mimi nikajua nimeandaliwa, nikala zote. Laini, moshi umeingia hadi mfupani!

“Aliyechoma hizi ni fundi!” nikapaza sauti.

“Ni binti yetu,” akajibu mzee wa meza ya pili. “Na mbavu ni zetu. Wewe ndiye baba wa yule kijana wa Lukozi?”

Posa waliipokea huku wakicheka. Leo nina shamba la kabichi, nyumba ya bati, ng'ombe wawili, na mkwe fundi wa mbavu.