Maji ya Zege

Harufu ya zege bichi hunirudisha kijijini kwetu Mkunya, kiangazi kile mikorosho ilipochanua huku mapipa yetu yakiwa makavu. Enzi hizo maji ya Newala yalikuwa bondeni, chini ya mteremko mkali, na yalipanda juu vichwani mwa wanawake. Ndipo wakaja wageni wa misheni kutoka ng'ambo kutujengea kanisa. Walikuwa watu wema, wakichubuka mikono kwa matofali na kuimba nasi. Hawakujua zege linakunywa maji kiasi gani, nasi tuliona aibu kuwaambia.

Asubuhi moja katekista alipita kuwaita akina mama wateke maji. Mama yangu alikuwa na mimba kubwa. Jirani yetu Mama Tekla alimkabili katekista: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wako tutawabebea maji mpaka lini?"

"Hiyo ni kazi ya Mungu, Mama Tekla."

"Basi naye ashuke bondeni, ndoo ninayo ya kumwazima."

Wanawake waliangua kicheko. Mama alicheka pia, kisha akakunja kanga yake kuwa kata ya kuwekea ndoo kichwani. Hakutaka isemwe kwamba nyumba yetu imemnyima Mungu. Wakati wa kupanda, aliitua ndoo taratibu bila kumwaga hata tone, akaketi njiani akishika tumbo. Walimbeba hadi nyumbani. Mtoto alizaliwa kimya, na hakulia kamwe. Mtu aliichukua ndoo ya mama akaifikisha kwenye ujenzi, maji yasipotee bure. Maji ya kumwoshea kichanga tulipewa na majirani zetu Waislamu. Wageni walilia nasi msibani. Wakauliza watusaidie nini. Katekista akajibu, "Mtuombee."

Tangu nimalize sekondari nimetangatanga Masasi, Tunduru, hata ng'ambo ya mto Ruvuma, wala sijatulia. Mwaka huu nimerudi. Maji ya bomba yapo, ingawa kwa zamu, na ukuta wa kanisa una ufa. Jumapili mchungaji alitangaza kwamba sasa nasi tunatuma: vijana wetu watavuka Ruvuma kuwajengea wenzetu kanisa. Watu wakapiga vigelegele. Mama, mzee sasa, akasimama akiegemea ukuta.

"Huko maji atabeba nani?"

"Hayo watapanga wenyeji, Mama Bena," mchungaji akamjibu kwa upole.

"Hata sisi tulikuwa wenyeji," mama akasema, akakaa.