Wimbo wa Kisimani

Juzi nilipita Kakuma nikakuta pampu ya kijiji imeharibika, na akina mama wamerudi kuchimba maji kwenye mchanga wa mto mkavu. Ndani ya shimo moja kulikuwa na mtu anaimba. Nilisimama nikamsikiliza.

Nilipokuwa mdogo, aliyeshuka kisimani kwetu alikuwa Akiru, mdogo wake mama, kwa sababu alikuwa mwembamba. Mama alibaki juu akivuta ndoo kwa kamba. Mchanga uliolowa ulinukia vizuri kuliko chakula, na mbuzi walilia kwa kiu pembeni. Akiru aliimba muda wote akiwa chini. Niliamini huko kuna raha ambayo watu wazima wanatunyima.

"Na mimi nishuke nikaimbe," nilimwambia mama.

"Nyamaza, nimsikie," alijibu bila kunitazama.

Sasa najua Akiru aliimba ili mama ajue mchanga haujaporomoka.

Alasiri moja wimbo ulikatika katikati ya neno. Nilidhani Akiru amesahau, nikamwimbia yaliyobaki kwa sauti kubwa, huku nikipiga makofi. Mama tayari alikuwa amepiga magoti, anafukua mchanga kwa mikono na kuwaita majirani. Niliumaliza wimbo wote, nikangoja Akiru aitikie.

Siku hizi naishi Lodwar, na maji yanatoka bombani. Binti yangu huimba akioga. Akinyamaza tu, nagonga mlango.