Mafuta ya Kondoo

Mkitaka kucheka chekeni, ila msimwambie mke wangu kwamba nimewasimulia. Mwezi wa tano nilizibwa jino kule Njiro, na tangu siku hiyo kichwa kikawa kinaniuma kila jioni. Mke wangu, Mama Neema, akawa ananikalisha kwenye kigoda na kunikanda kwa mafuta ya kondoo, huku akinisimulia mambo ya sokoni. Tangu watoto waondoke nyumbani hatukuwa tumeongea hivyo.

Nikarudi kwa daktari wa meno. Akasema jino lilizibwa likazidi kimo, kwa hiyo nikitafuna taya linajikaza na kichwa kinauma. Akalisaga kidogo. Siku ya tatu maumivu yakaisha.

Sikumwambia mke wangu. Kila jioni nilikunja uso, mtu mzima mimi, nikasogeza kigoda. Kazini wakasema nanuka zizi.

Mwishowe Mama Neema, kwa huruma, akanipeleka mwenyewe kwa daktari yuleyule.

“Shikamoo mama,” daktari akasema. “Mzee alinipigia simu kunishukuru. Kichwa si kilipona tangu mwezi wa sita?”

Mama Neema akamshukuru daktari, tukarudi nyumbani Sombetini. Jioni akaja na mafuta yake.

“Baba Neema, kaa. Leo kinauma wapi?”